Darasa la jioni la uandishi wa habari za data: maswali tunayoulizwa na waandishi wakongwe

Maswali haya, kuhusu darasa letu la kutafuta stori ndani ya majedwali na takwimu, nimeyaokota kwenye simu, kwenye WhatsApp na kwenye foleni za chai za mikutano ya waandishi. Yanayorudi kila mara nimeyajibu kwa urefu, mengine yanatoshwa na mstari mmoja.

Darasa hili ni la nani?

Ni la mwandishi, mhariri, mtangazaji au mpigapicha ambaye tayari anaishi kwa kazi ya habari, walau kwa miaka mitano. Hatufundishi kuandika aya ya kwanza wala namna ya kumbana mkuu wa wilaya asiyetaka kusema. Hayo unakuja nayo. Anayetaka kuingia kwenye fani aanzie chuoni, maana hapa atachoka na sisi tutachoka.

Nina miaka ishirini kazini. Kweli nikakae meza moja na vijana wa kompyuta?

Wengi utakaowakuta ni wa rika lako. Vijana wapo wachache, na ni kweli vidole vyao ni vyepesi. Ila acha nikusimulie jioni moja.

Tuligawa jedwali la ajali za barabarani, mwezi kwa mwezi, la mkoa mmoja. Vijana wakachora grafu kabla chai haijapoa. Katikati ya grafu kulikuwa na shimo: mwezi mmoja ajali sufuri. Mmoja akawa ameshaandika kichwa cha habari kuhusu mwezi usio na ajali. Mzee mmoja, mwandishi wa habari za polisi tangu enzi za kutuma stori kwa faksi, akavua miwani akaiangalia ile sufuri. “Mwezi mzima? Barabara ile? Hapa kuna mtu hakuleta ripoti.” Akatoka nje na simu yake. Aliporudi alikuwa na jibu: ripoti ya mwezi ule haikufika makao makuu, na aliyejaza jedwali aliona kisanduku kitupu akaweka 0 ili lipendeze.

Sufuri na pengo ni vitu viwili tofauti, na hakuna programu itakayokuambia kipi ni kipi. Mzee yule hadi leo hunakili fomula kwenye daftari la karatasi, na hajapungukiwa na kitu.

Hesabu nilizikimbia kidato cha pili. Nitaweza?

Hili ndilo swali namba moja. Hesabu utakazohitaji ni za darasa la saba: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, asilimia. Kinachowaangusha waandishi hesabuni ni kuingia kichwa kichwa, kulinganisha vitu visivyolingana.

Chukua mfano wa Mbeya. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa ule na watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaukuta na 2,343,754. Toa moja kwa nyingine, unapata upungufu wa watu 363,656. Hapo mtu mwenye haraka ana stori ya ukurasa wa kwanza: Mbeya yakimbiwa. Wamekwenda wapi? Hawajaenda popote. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,344,687. Jumlisha mikoa hiyo miwili upate 3,688,441, ndipo unaweza kulinganisha na ile namba ya 2012. Watu wameongezeka, tena sana. Mtego huohuo upo Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mikoa iliyozaliwa 2012, ukijaribu kuilinganisha na takwimu za kabla yake.

Mimi mwenyewe nilishawahi kunaswa na mtego wa aina hii, kwa idadi ya shule. Stori ikatoka na jina langu juu. Kesho yake afisa elimu akanipigia simu akicheka, na hapo ndipo iliponiuma, heri angenitukana.

Cha pili ni asilimia dhidi ya pointi. Riba ikitoka asilimia 10 ikafika 12, haijapanda kwa asilimia 2. Imepanda kwa pointi 2 za asilimia, sawa na ongezeko la asilimia 20. Vyumba vya habari vinachemka hapa kila wiki, wizara ikiwa imechemka kabla yao kwenye taarifa yenyewe.

Cha tatu ni kusahau kugawa kwa idadi ya watu. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, itaongoza kwa karibu kila kitu kinachohesabiwa kwa vichwa: wagonjwa, wezi, harusi. Ukisema inaongoza kwa jambo fulani hujasema kitu, mpaka ugawe kwa watu waliopo. Hesabu zenyewe ndizo hizo. Wastani na namba ya katikati utavijua wiki ya tatu, na hutaumia.

Ratiba ikoje? Mimi niko zamu.

Wiki 12. Jumanne na Alhamisi jioni kuanzia saa 12, na Jumamosi asubuhi mara moja kila wiki mbili. Tunajua gazeti linafungwa jioni, kwa hiyo kila kipindi kinarekodiwa, na asubuhi ya kesho yake kuna saa moja ya maswali kwa waliokuwa zamu.

Hatuanzi kamwe kati ya Machi na Juni. Ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili, kisha linakuja Bunge la Bajeti, kisha hotuba ya bajeti yenyewe Juni. Tulijaribu kuanza Aprili mara moja tu. Darasa likahamia Dodoma bila sisi.

Nikikosa vipindi vingi?

Vitatu tutavumilia. Ukivuka hapo tunakuhamishia awamu inayofuata, bila kulipa upya.

Nahitaji kompyuta ya aina gani?

Kompyuta mpakato yoyote inayofungua lahajedwali (jedwali la Excel, kwa mfano) yenye mistari elfu hamsini bila kulia. Simu peke yake haitoshi, hilo tumeshabishana nalo na limeisha. Bando nalo lipange mapema, maana mafaili mengine ni mazito. (Ndiyo, tunajua mtaani “data” maana yake ni bando. Utani huo umeshafanywa katika kila awamu.)

Mnafundisha programu gani?

Lahajedwali kwanza, na lahajedwali kwa muda mrefu: Excel au Google Sheets, uliyonayo. Nusu ya kozi ni hiyo. Kuchuja, kupanga, kujumlisha kwa makundi, kuunganisha majedwali mawili. Ukiyaweza hayo manne, stori nyingi za maana unaziweza.

Kisha Tabula, ya kutoa majedwali ndani ya PDF. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, mji kwa mji, kwenye jedwali refu. Nimewaona wenzetu wakilinakili kwa mkono kwenye daftari, mji mmoja baada ya mwingine, na mji wa arobaini wakakosea mstari, bei ya dizeli ya mji mmoja ikaenda kwa jirani yake. Kwa Tabula kazi hiyo ni ya dakika chache. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima unakuwa na kitu ambacho tangazo la mwezi mmoja halikupi: unaona mji gani umekuwa ukilipa zaidi, na tangu lini.

Halafu OpenRefine, ya kusafisha. Hapa ndipo watu hukata tamaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba usafi ndio unaokula muda. Fungua orodha yoyote ya zabuni au ya zahanati utakuta “Dar es Salaam”, “DSM”, “Dar-es-salaam” na “D’Salaam”. Kwa kompyuta hiyo ni mikoa minne. Jina lenye nafasi moja ya ziada mwishoni, usiyoiona kwa macho, ni mkoa wa tano. Usiposafisha, Dar yako imegawanyika vipande vitano na Mwanza inaongoza taifa.

Mwisho Datawrapper kwa chati na QGIS kwa ramani. Ramani tunaifundisha kwa saa chache tu, kwa makusudi. Kila anayeijua anataka kila stori iwe ramani.

Na kuandika programu, Python na R?

Tunaonyesha Jumamosi moja uone zinafanya nini. Anayeipenda ataendelea mwenyewe, na asiyeipenda hajapoteza kitu.

Data zenyewe ziko wapi? Huku kwetu si Ulaya.

Zipo nyingi kuliko unavyodhani, ila zimekaa vibaya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina ripoti za sensa, tafiti za afya na mfumuko wa bei wa kila mwezi. Kenya wana KNBS, ofisi yao ya takwimu, na walifungua lango lao la data huria, yaani za kutumiwa na yeyote, Julai 2011, enzi za Rais Mwai Kibaki. Ripoti za CAG kwetu na za Mkaguzi Mkuu Kenya zina majedwali ambayo watu husoma muhtasari wake tu na kuyaacha. Shirika la Code for Africa lina openAFRICA, ghala la data ambalo mtu yeyote anaweza kupakua au kuchangia. Na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka matokeo shule kwa shule.

Hapo kwenye NECTA nisimame kidogo. Januari 2023 baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Wahariri wakasema basi, tutapanga wenyewe, data si zipo? Zipo. Lakini shule yenye watahiniwa 18 waliochujwa tangu kidato cha pili na shule ya kata yenye watahiniwa 210 si za kuwekwa ngazi moja. Kwenye shule ya watu 18, mtoto mmoja akiumwa siku ya mtihani anasogeza matokeo kwa pointi zaidi ya tano za asilimia. Zamani NECTA wenyewe walizitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40. Hili ni zoezi letu la wiki ya tano, na huisha kwa ugomvi kila mara.

Nikiomba data ofisini nikazungushwa?

Utazungushwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa siku 30 za kujibiwa, nayo ni ya Tanzania Bara, haivuki kwenda Zanzibar. Kenya, sheria yao ya mwaka huohuo inasema siku 21, na nyuma yake ipo Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Tunafundisha kuandika barua ya maombi, na nadhani ni kipindi chetu bora kuliko vyote vya kompyuta. Usiombe “taarifa zote kuhusu maji”. Omba “faili la lahajedwali la visima vilivyochimbwa wilaya hii kati ya 2018 na 2023, likionyesha kijiji, tarehe, gharama na kama kinafanya kazi”. Karani akiona umetaja kolamu kwa majina anajua unajua faili lipo.

Je, kuchapisha takwimu zangu mwenyewe ni kosa?

Swali hili lina historia. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania yalileta adhabu kwa anayechapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, na watu wengi wakanyamaza, watafiti na waandishi pamoja. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Woga haukuondoka siku hiyohiyo. Hadi leo kuna wahariri wanaokata chati kwa sababu ya sheria isiyokuwepo. Tunawaita wanasheria wa habari kwa jioni moja, na tunasisitiza kitu kimoja: andika ulichofanya. Data umetoa wapi, umeondoa mistari gani, umegawa kwa namba gani.

Sheria za taarifa binafsi nazo zisome, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Orodha ya wagonjwa iliyovuja kwenye WhatsApp haigeuki kuwa data huria kwa sababu imekufikia.

Takwimu mbili za serikali au za mashirika zikipingana, nichukue ipi?

Usichague haraka, stori inaweza kuwa hapo hapo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulitoa vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania, kutoka 556 vya utafiti wa 2015/16. Wakati huohuo makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Wapo walioamua mmoja anadanganya. Lakini utafiti wa kaya huuliza watu kuhusu dada zao, nani yu hai, nani amefariki, alifariki akiwa mjamzito au akijifungua. Makadirio ya kimataifa huchanganya vyanzo vingi kwa hesabu za kitakwimu. Vyote viwili ni makisio yenye ukingo wa chini na wa juu, na ukingo huo huchapishwa ndani ya ripoti, kurasa ambazo hakuna anayefika. Darasani tunazifungua kurasa hizo. Kisha tunauliza swali la mwandishi: wodini kimebadilika nini? Hilo jedwali halitakujibu, itabidi uende.

Kuna mfano wa karibu, usio wa Ulaya au Marekani, mnaofundishia?

Uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, tunakaa nao wiki mbili nzima. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, waliweka mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229, na kila mwenye intaneti akaweza kuzisoma. Vyombo vya habari vikaweka watu kuingiza namba moja moja usiku kucha. Ikawa ajabu: televisheni hii inaonyesha mgombea huyu anaongoza, ile inaonyesha yule, na wote wanasoma fomu zilezile. Watazamaji wakaona njama. Sababu kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa: kila chumba kilikuwa kimeanzia upande wake wa rundo. Aliyeanza na ngome ya mmoja alimwona huyo anaongoza.

Darasani tunawapa fomu kadhaa za picha waziingize wenyewe, saa 3 usiku, wamechoka, kama ilivyokuwa. Namba 3 inasomeka kama 8. Fomu moja ina muhuri juu ya namba. Baada ya hapo tunaandika ubaoni matokeo yaliyotangazwa: William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti 233,211. Igawe kwa vituo 46,229. Ni kura 5 na chenji kwa kila kituo. Wale waliokuwa wakicheka makosa yao ya kuchapa huacha kucheka. Kisha kila mmoja anaandika maneno ambayo yangepaswa kuwa chini ya skrini usiku ule: fomu ngapi zimehesabiwa, za kaunti zipi, ngapi zimebaki. Maneno yasizidi 20. Watu huhangaika na maneno hayo 20 kuliko fomula yoyote.

Mimi ni wa redio. Chati redioni nitaipeleka wapi?

Hutaipeleka. Utapeleka namba moja, iliyopimwa kwa kitu msikilizaji anachokijua: madaftari, magunia, nauli ya daladala, watoto kwa dawati. Watu wa redio mara nyingi ndio wanafunzi wetu bora, kwa sababu wamezoea kutupa namba zisizo na kazi. Wa magazeti huzibeba zote.

Akili mnemba si inafanya haya yote sasa?

Inasaidia kuandika fomula na kueleza kosa kwenye lahajedwali, na tunaitumia hivyo. Ila inaweza pia kukupa namba nzuri, yenye desimali, isiyotoka popote. Kanuni yetu ni kwamba namba yoyote lazima uweze kuionyesha kwenye mstari wa faili au ukurasa wa ripoti. Huwezi, inatoka.

Mhariri wangu hataki. Anasema stori tatu kwa siku ni tatu.

Anasema kweli kwa upande wake. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa stori ana shida zaidi, kwani stori ya data ya wiki tatu inalipwa sawa na ya mkutano wa waziri. Hatuna dawa. Tunachoshauri ni kuanza na data ndogo inayorudi, bei za mafuta au mfumuko wa bei, ambayo mwezi wa kwanza inakula siku mbili na mwezi wa nne inakula nusu saa. Mhariri akiona unaleta kitu ambacho mwenzake hana, na hukuchelewa, mazungumzo hubadilika. Siyo kila mara.

Cheti kinatambulika?

Ni cheti cha kuhudhuria na kumaliza. Hakichukui nafasi ya stashahada au shahada inayohitajika kwa ithibati ya uandishi, na anayekuuzia kozi fupi kwa ahadi hiyo mkimbie.

Niko mkoani, au Mombasa, au Bujumbura.

Nusu ya wanafunzi wa kila awamu wako nje ya Dar. Jumamosi ndizo za ana kwa ana, na wa mbali huunganishwa kwa video. Mifano ya nchi yako utaileta wewe.

Ada ikoje?

Inalipwa kwa mafungu matatu. Wanaojitegemea hulipa nusu. Hatulipi posho, hatutoi nauli wala bahasha. Tunalisema mapema kwa sababu liliwahi kutuletea maneno.

Naombaje nafasi?

Tuma stori yako moja iliyokwisha kuchapishwa au kurushwa, yenye namba ndani yake, na aya moja ukieleza namba hiyo ilitoka wapi na ungeiuliza nini leo. Stori isiwe nzuri sana. Tuliyempokea kwa shangwe kuliko wote awamu iliyopita alileta stori yake ya miaka tisa nyuma, akaizungushia kalamu nyekundu sehemu nne, na pembeni ya mojawapo akaandika: “Hii sijui niliitoa wapi.”